Jibu: Mama ana saratani ya ini, tumwambie au tumfiche?

Msimfiche! Nimefika pale uliposema ami yenu kashauri mama aambiwe ni vidonda vya tumbo "mpaka apate nguvu", chai ikanishinda. Vidonda vya tumbo ndivyo tulivyomwambia baba yangu, kule Wete, Pemba, naye ana saratani ya ini hivyo hivyo. Naona hawa maami wana chuo chao mahali.

Daktari alituita sisi watoto chumbani kwake, akafunga mlango, akasema saratani imeshaenea, hakuna cha kukata. Mwenye ini lake kaachwa kitandani anaangalia feni. Hakuulizwa kama anataka kujua, wala angependa aambiwe nani. Kisha akaja ami na fatwa yake: "Mkimwambia mtamuua." Leo yeye ana sukari, na kila akipimwa anataka asomewe namba, tena mara mbili.

Sasa sikiliza tulichokipoteza. Baba alimlea mjukuu wake, mtoto wa kaka yetu aliyetangulia. Kila msimu wa karafuu alikuwa akisema ile mikarafuu ya bondeni ni ya kijana huyu. Nawe unajua mirathi yetu Waislamu ilivyo: mjukuu harithi kwa babu maadamu babu kaacha watoto wa kiume. Njia yake ni wasiya, ndani ya thuluthi ya mali. Baba alilijua hilo kuliko sisi sote. Akawa anasema, "Nikipona n'takwenda kwa kadhi." Nasi tunaitikia, "Inshallah, baba, wewe pona kwanza," kwa sauti moja kama watoto wa chuoni. Tunajua haponi! Wala hakuhitaji kwenda popote, mashahidi wawili kando ya kitanda wangetosha. Lakini nani amwambie mtu wa vidonda vya tumbo aandike wasiya?

Siku ya kugawa, wawili tuliridhia kumwachia kijana mafungu yetu katika ile miti. Wa tatu akasema yeye hajaona maandishi ya baba. Na kweli, hayakuwepo. Miti ikagawanywa kwa hesabu, ndugu hawasalimiani, na kijana yuko Unguja anabeba mizigo bandarini Malindi. Simu yangu anapokea akijisikia.

Halafu unauliza habari ya mofini, ile dawa kali ya maumivu. Sisi tuliikataa, na wala si kwa kuogopa ulevi. Tuliogopa baba atauliza kwani vidonda vya tumbo ndio vipewe dawa nzito namna hii. Basi akalala na maumivu, anatafuna vidonge vya kiungulia ambavyo vingetosha Wete nzima mwezi wa Ramadhani. (Nacheka, nisipocheka hii simu nitaitupa.) Mofini ya maji ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimfanyi mama teja. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi, na pamoja nayo dawa ya kulainisha choo kwa sababu hufunga tumbo. Hapo hospitali uliza nani anashughulika na tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na tabu, uzungumze naye huyo.

Lakini kabla ya mofini, kabla ya boti ya Dar, kabla ya ami: muulize mwenyewe. "Mama, wewe unayaonaje maradhi haya? Ungependa uambiwe kila kitu, au tumwambie nani kwa niaba yako?" Kisha nyamaza. Akisema hataki kujua, haki yake, usimlazimishe. Akitaka, mwambie kweli, halafu umuulize anadai nani, anadaiwa na nani, anataka kumuona nani. Usishangae akikwambia alishajua, anawaonea huruma nyinyi tu.

Fanya asubuhi, maumivu yakiwa yametulia. Ami mtume mnadani akanunue samaki, na umwambie achague sana, asirudi upesi.