Panda majani kabla ya kuleta beberu

Beberu wangu wa kwanza wa Boer, mbuzi wa kigeni wa nyama, alinivutia kwa umbo: kifua kipana, mapaja yaliyojaa, kichwa chekundu juu ya mwili mweupe. Nilimtia kwenye kundi la majike wa kienyeji nikaamini kazi imekwisha. Chotara walizaliwa wakubwa, nikafurahi. Kiangazi kilipoingia wakakonda hadi mbavu zikahesabika, huku wenzao wa kienyeji wakijitafutia vichakani bila shida.

Kosa lilikuwa langu. Mbuzi wa kienyeji ana mwili mdogo, na kidogo humtosha. Chotara amerithi mwili mkubwa, nao lazima ulishwe. Kwa siku mbuzi huhitaji chakula kikavu cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Mwenye kilo 30 anataka kama kilo 1, na kwa kuwa majani mabichi yamejaa maji, hiyo ni kilo 4 au 5 za majani. Siku nilipoweka mzigo wangu kwenye mizani, niligundua nilikuwa nawapa nusu tu.

Kwa hiyo naomba sana: panda malisho kwanza. Lusina, mti wa malisho, ina protini nyingi, ila isizidi theluthi ya mlo kwa sababu ina sumu ikizidi. Changanya na nyasi. Pumba na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) ongeza polepole kwa wiki 2 hivi, maana nafaka nyingi za ghafla huchachusha tumbo na zinaweza kuua.

Kama chakula hakitoshi kwa wote, mpe kwanza jike mwenye mimba. Mimba ya mbuzi ni miezi 5, na sehemu kubwa ya uzito wa mtoto huongezeka katika wiki 6 za mwisho. Jike aliyeshiba wakati huo hutoa dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya kutosha, na mtoto anapaswa kuinyonya saa zile zile za mwanzo.

Majike wa kienyeji usiwauze. Ni mama wazuri, wamezoea magonjwa na jua, na chotara wa uzao wa kwanza hupata nguvu ya pande zote mbili. Lakini usimpandishe mtamba mdogo, jike ambaye hajawahi kuzaa, kwa beberu mkubwa. Nilimpoteza mmoja aliyeshindwa kuzaa, na bado inaniuma. Beberu naye mbadilishe kabla binti zake hawajafikia kupandwa, la sivyo utaanza kuona watoto dhaifu. Daftari la nani kazaliwa na nani ni la lazima.

Kila mwezi mimi huwapima wote. Anayekula vizuri na uzito hauongezeki, namfunua ukope wa chini: ukiwa mweupe badala ya mwekundu, mara nyingi ni minyoo inayonyonya damu, na huyo hupata dawa siku hiyo hiyo.