Maswali na Majibu: Kayaki kwa Mwenye Mwili Mkubwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wenye miili mikubwa wanaotaka kuingia katika maji ya kasi kwa kayaki, ile mashua nyembamba inayoendeshwa kwa kafi, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wao, nimeamua kuzijibu pamoja. Sitaeleza tena namna ya kushika kafi wala kazi ya sketi ya kuzuia maji, ile inayovaliwa kiunoni na kufunika mdomo wa kayaki, maana anayefuata safu hii anayajua hayo.

Nina kilo 112 na nataka kayaki ya maji ya kasi. Ninunue ya kampuni gani? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Hii ni barua ya nne ya namna hii, na kwa mara ya nne ninajibu kwamba kampuni ni jambo la mwisho kuulizwa. Pyranha ya Uingereza, Prijon ya Ujerumani, Dagger na Jackson za Marekani, zote zimetengeneza kayaki zinazombeba mtu mzito vizuri na nyingine zisizomfaa hata kidogo, na mara nyingi ni muundo uleule uliotolewa kwa saizi mbili au tatu. Hukuniambia urefu wako, wala saizi ya viatu vyako, wala kama hizo kilo 112 umezipima juzi au unazikumbuka tangu mwaka wa harusi yako.

Nenda kajipime ukiwa umevaa kila kitu utakachoingia nacho majini. Mimi nilijipima katika depo ya kahawa, kwenye mizani ya magunia, nikiwa na kofia ngumu, jaketi la kuokolea, viatu vilivyolowa, mfuko wa kamba ya kuokolea, chupa ya maji ya lita mbili, chakula cha mchana na kafi mkononi. Vijana wanaobeba magunia walicheka hadi mmoja akaketi chini, lakini mizani ilisoma kilo 121, na asubuhi ileile nyumbani nilikuwa na kilo 109. Hizo kilo kumi na mbili ndizo watu wote wanazozisahau.

Sasa fanya hesabu, ndugu yangu, nayo ni ya shule ya msingi. Kila kilo inayokaa juu ya maji ya mto husukuma lita moja. Wewe na vitu vyako ni kilo 124, kayaki ya plastiki ya mito ya mawe ina kama kilo 22, jumla ni 146. Kwa hiyo lita 146 za kayaki yako zimekwisha kuzama kabla hujapiga kafi hata mara moja. Ukinunua yenye ujazo wa lita 240, umebakiwa na lita 94 za kukuinua unapoangukia chini ya poromoko, ilhali ukinunua yenye lita 330 umebakiwa na 184, karibu mara mbili. Muuzaji anaweza kukuambia lolote kuhusu umbo na rangi, lakini hesabu hii hataweza kuibadili.

Kwa anayeanza mwenye uzito wako, tafuta kayaki ya mito ya mawe, yenye omo, yaani ncha ya mbele, na tezi, yaani ncha ya nyuma, nene za mviringo, na tako la chini lililopinda juu mbele na nyuma kama ndizi, katika saizi kubwa kabisa ya muundo huo. Zile zenye tezi bapa na kingo kali, ambazo vijana wanazipenda kwenye video, ziache kwa miaka miwili.

Kayaki niliyopewa bei imeandikwa kwamba inabeba hadi kilo 120. Mimi nina 115 tu. Si inatosha? (Katindo, Goma)

Haitoshi. Namba ya juu inayoandikwa na kiwanda inaeleza uzito ambao kayaki bado inaelea nao, haielezi uzito ambao bado inatii. Ukiwa na vitu vyako umeshaipita, na hata kama usingeipita, mimi sikai kamwe ndani ya kilo kumi za mwisho za kipimo chochote cha kiwanda.

Nina sababu. Kayaki yangu ya kwanza niliuziwa na mtu aliyeniapia kwamba inanitosha, nami nikaamini kwa sababu kiuno kiliingia. Kwenye maji yaliyotulia haikuwa na neno. Nilipotoka kwenye maji yanayorudi nyuma ya mwamba na kuukata mkondo, tezi, ambayo tayari ilikuwa imelala usawa wa maji, ilishikwa na mkondo na kuzamishwa, omo ikaelekea mawinguni, nami nikalala chali kama gunia lililoteleza kwenye lori. Nilifanyiwa hivyo mara tano siku moja. Nikadhani sina kipaji, na nilikaa msimu mzima nikidhani hivyo, mpaka mwenzangu aliponiazima kayaki yake kubwa na mkondo uleule nikaupita nikiwa wima.

Mgeni mmoja anayerudi kwao anauza kayaki yake, ina urefu wa kama mita 1.8 na ni kama mpya. Nina kilo 98. Niichukue? (Nguba, Bukavu)

Usiichukue. Urefu huo ni wa kayaki ya michezo, ambayo tezi yake imefanywa nyembamba kwa makusudi ili izame na mchezaji arushe omo hewani. Chini yako itazama bila kuombwa. Ninaifahamu kayaki nyekundu ya namna hiyo ambayo imeuzwa mara nne katika mji huu, kila mara kwa mtu mkubwa kuliko wa kabla yake, na kila mara muuzaji akisema kwamba anaiuza kwa sababu hana nafasi.

Na kwa kuwa wengi wenu mtanunua kitu kilichokwisha kutumika, pindueni kayaki na mtazame chini ya kiti, mahali ambapo uzito wa mtu na jiwe la mto hukutana. Bonyeza kwa dole gumba. Plastiki ikizama na kubaki imebonyea, imeliwa na mawe. Tafuta nyufa nyembamba kama unywele. Tazama pia kama rangi ya upande wa juu imepauka kuliko ya ndani ya kiti, kwa sababu jua letu hukausha plastiki mpaka ikavunjika kama kigae. Ukiona mahali palipopakwa gundi, ondoka. Gundi za kawaida hazishiki polithilini, ile plastiki ya kayaki, na aliyeipaka alijua hivyo au hakujali.

Je, naweza kujifunza kwa mtumbwi wa mbao wa wavuvi, hapo Ruzizi inapotoka ziwani? (Muhumba, Bukavu)

Hapana, na hapana tena. Mtumbwi wa wavuvi ni chombo bora cha ziwa, lakini hauna mpindo wa kuupandisha juu ya wimbi, na ukigonga mwamba utapasuka. Kuhusu mahali penyewe, Ruzizi inatoka ziwa Kivu hapa Bukavu ikiwa karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na inaingia ziwa Tanganyika kwenye karibu mita 770. Katikati yake kuna mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II, ambayo maji yake hupanda na kushuka kwa kadiri mitambo inavyofunguliwa, si kwa kadiri mvua inavyonyesha. Mto huo pia ni mpaka wa nchi. Mtu hajifunzii kati ya bwawa na mpaka.

Mimi ni mama mwenye mapaja makubwa. Kayaki zote tunazotumia zinanibana nyonga, na baada ya nusu saa miguu inakufa ganzi. Mwalimu anasema nipunguze mwili kwanza. (Himbi, Goma)

Mama, mwalimu anayetaka mwili ubadilike ili utoshe kiti, badala ya kiti kubadilika ili kitoshe mwili, angekuwa fundi cherehani angekwisha kufilisika. Matakia mawili ya pembeni yanayobana nyonga yamewekwa ili yaondolewe. Fungua skrubu au vuta kitambaa kinachoshikilia, toa tabaka moja kila upande, kaa tena. Nyonga ziguswe bila kubanwa, kwa maana ukiinua upande mmoja kayaki ifuate, na ukitulia damu ipite.

Ganzi, kwa kawaida, haitoki kwenye nyonga. Inatoka kwenye kibao cha miguu kilichosogezwa karibu mno, ambacho kinasukuma magoti juu na kuacha paja lote likae juu ya ukingo wa mbele wa kiti. Sogeza kibao mbele nafasi moja au mbili, kisha tegemeza paja kwa chini. Sponji ya godoro haifai kwa sababu inakunywa maji. Kata soli za kandambili kuukuu, ambazo hazinyonyi kitu, ubandike mbili au tatu chini ya kila paja. Mimi nimekalia kandambili za watoto wangu kwa miaka mitatu.

Jambo ambalo hukuuliza, nami ninalijali kuliko yote: pima mdomo wa kayaki, mahali pa kuingilia. Ukiwa umeketi, uweze kuinua goti moja na kulitoa nje bila kujiinua kwa mikono. Kama huwezi kufanya hivyo nchi kavu, hutaweza ukiwa kichwa chini, na kayaki hiyo usiingie nayo mtoni hata kama kiti chake ni laini kama kochi.

Magoti yangu hayapendi kayaki. Je, mtumbwi wa wazi wa maji ya kasi haumfai zaidi mtu wa kilo 125? Huku kwetu tuna mto Lufira. (Kamalondo, Lubumbashi)

Swali zuri, na la kwanza katika barua hizi lililoandikwa na mtu aliyefikiri. Mtumbwi wa wazi una nafasi, unabeba, na ule wa watu wawili wenye urefu wa mita nne na nusu au zaidi hukaa vizuri chini ya mtu mmoja mzito anayepiga magoti karibu na katikati. Lakini umeona neno lenyewe: kupiga magoti. Katika maji ya kasi hukai juu ya benchi kama unavua, unapiga magoti huku matako yakiegemea kiti cha juu na nyayo zimekunjwa nyuma yako, na kilo 125 zote hushuka kwenye magoti na vifundo vya miguu. Kama magoti yako yanakataa kunyooshwa ndani ya kayaki, mtumbwi utakufaa; kama yanakataa kukunjwa, umeruka majivu ukakanyaga moto. Kiti kilichoinuliwa sentimita chache hupunguza maumivu, ila kila sentimita unayopanda inakufanya uyumbe zaidi, na mtu mzito huyumba kwa nguvu.

Pia mtumbwi wa wazi hunywa maji, na maji hayo ni mzigo: lita mia moja zilizoingia ni kilo mia moja zilizopanda bila nauli. Jaza omo na tezi kwa mifuko ya hewa iliyofungwa kwa kamba, ili maji yabakiwe na sehemu yako tu. Ukiuziwa wa Royalex, ujue ni malighafi nyepesi na nzuri ambayo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2014, kwa hiyo wowote utakaoupata ni mzee, ukaguliwe kama mzee.

Kuhusu Lufira, kuna maporomoko ya Kiubo ambayo si ya kuchezea, na kuna mamba. Msinijibu kwamba mamba huogopa rangi kali au kelele. Mwaka 2010 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, mpiga kasia aliyewazidi wengi kwa uzoefu katika mito ya Afrika, alinyakuliwa na mamba kutoka ndani ya kayaki yake katika mto Lukuga, ule unaotoka Tanganyika kule Kalemie. Hakuna saizi ya kayaki inayolijibu jambo hilo. Jifunze mahali ambapo wenyeji wa mto wanaingia majini wenyewe.

Kayaki ya kujaza upepo je? Inaingia kwenye buti ya gari. (Goma)

Inafaa kwa kuanzia, kwa sharti moja. Zile zenye matundu sakafuni ya kutoa maji hutoa maji kwa mtu mwepesi; kwa mtu mzito sakafu hushuka chini ya usawa wa mto na matundu yaleyale huanza kuingiza. Kaa ndani yake kabla ya kulipa. Ukijikuta umeketi katika beseni, si yako.

Mtu mnene huelea mwenyewe, kwa hiyo jaketi dogo linanitosha? (Bagira, Bukavu)

Nusu ya kwanza ni kweli: mafuta ya mwili huelea, na uzito wa kwenye mizani si uzito wa majini, ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha majaketi ya kuelea, ISO 12402-5, kinadai niutoni 50, yaani kama kilo tano za kuinua, kwa mtu wa kilo 71 na kwa mtu wa kilo 130 vilevile. Nusu ya pili ni hatari. Maji ya chini ya poromoko yamejaa hewa na hayabebi kama maji ya ziwa, kwa hiyo chukua lenye niutoni zaidi ya hizo. Kisha chagua kwa kipimo cha kifua, si kwa kilo, na mtu avute mabega ya jaketi juu kwa mikono miwili: likikufika masikioni, ni kubwa mno au halikufungwa.

Rangi gani? (Msomaji asiyetaja mji)

Yoyote inayoonekana mbali. Si kijani, si buluu.

Nitajuaje kwamba kayaki inanifaa kabla ya kutoa fedha? (Panzi, Bukavu)

Aliye na nauli apande basi hadi Jinja, Uganda, kwenye shule za kayaki za mto Nile, akodi saizi mbili tatu na kuzilinganisha kwa siku chache. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kununua kisichokufaa. Asiye na nauli amwombe muuzaji waende ziwani, mahali maji yanapofika kiunoni, asubuhi kabla ya upepo.

Ingia na vitu vyako vyote, funga sketi, ukae umenyooka bila kujishikilia. Mwenzako asimame pembeni atazame mstari wa maji kutoka omo hadi tezi. Kama tezi imeshuka kuliko omo, sogeza kiti mbele na utazame tena, kwa kuwa mara nyingi kosa ni la kiti. Egemea upande mmoja mpaka maji yaguse sketi, rudi, kisha upande wa pili. Mwisho jipindue, hesabu hadi tatu, vuta sketi na utoke, mwenzako akiwa karibu. Baada ya hapo ingia tena, lala nyuma kidogo kama anayesukumwa na wimbi, na umwulize mwenzako anaona nini. Akikuambia kwamba maji yamepanda juu ya sitaha ya tezi wakati ziwa limetulia, mrudishie mwenyewe kayaki yake kabla hajazihesabu dola zako.