Usiilazimishe Akili Kutulia, Iandalie cha Kusikiliza

Watu wakijua kwamba mimi ni mkalimani wa mikutano, husifu lugha. Lugha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni umakini: umekaa kwenye kibanda cha vioo, mzungumzaji anasema masikioni mwako, nawe unayatoa maneno yake kwa Kiswahili huku sentensi yake nyingine imeshaanza. Wanafunzi na vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza wafanye nini ili mawazo yasitangetange. Nawaambia wasianze kwa kukaza nia. Waanze kwa kuuandaa ubongo kabla ya kuingia ukumbini.

Mwaka 1953 mtafiti mmoja wa Uingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni na kuwapigia ujumbe mmoja sikio la kulia na mwingine la kushoto. Aliwataka warudie kwa sauti ujumbe wa upande mmoja tu, na wakaweza. Alipowauliza upande wa pili ulisemaje, hawakuwa na jibu. Walijua kuna mtu alikuwa akisema, na sauti ya kiume ilipobadilika kuwa ya kike waligundua, lakini Kiingereza kilipogeuka Kijerumani wengi hawakushtuka. Maneno yalifika sikioni, ubongo ukayaacha yapite. Mtu anayeamini kwamba anaweza kumsikiliza mwalimu na jirani yake kwa pamoja ayatafakari vizuri matokeo haya.

Lakini mlango haufungwi kabisa. Mwaka 1959 Neville Moray aliweka jina la msikilizaji katika lile sikio lisilofuatwa, na takriban theluthi moja ya watu walilisikia. Anne Treisman alikuja kueleza kwamba ubongo hauuzimi ujumbe wa pembeni, huupunguza tu, na maneno yenye uzito kwetu huhitaji nguvu ndogo sana ili yatushtue. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya hilo, kwa sababu uzito wa neno unaweza kuongezwa. Ukilipitia leo usiku, kesho litapenya kirahisi zaidi.

Tuseme kesho kuna mkutano wa uvuvi wa Ziwa Victoria. Leo nakaa na karatasi. Naandika sangara, na pembeni yake mbuta, kwa sababu mjumbe wa Kenya atalitumia hilo la pili. Sato na ngege, vivyo hivyo. Naandika ukubwa wa matundu ya nyavu, majina ya mialo, yaani sehemu za ufukweni wanakoshushia samaki, majina ya wazungumzaji na vyeo vyao, kisha nayasoma yote kwa sauti, maana neno ambalo mdomo haujawahi kulitamka hukwama hata kama sikio limelidaka. Orodha hiyo siifungui sana nikiwa kibandani. Imeshafanya kazi yake: mjumbe akitaja mwalo fulani harakaharaka, sikio lilikuwa likiungojea. Mwanafunzi naye aisome mada kabla ya kipindi na aandike maswali machache ambayo anataka yajibiwe. Anayekwenda kwa daktari afanye hivyo pia. Sikio lenye swali halisinzii upesi.

Wengine hunibishia: mbona wakalimani mnasikiliza na kusema kwa wakati mmoja? Ni kweli, na inachosha mno, ila vyote viwili vinafuata uzi mmoja wa maana. Uzi wa pili ukiingia, kazi inavunjika. Tarakimu ndizo hutuonyesha jambo hili waziwazi. Mzungumzaji akimwaga takwimu za bajeti, mkalimani mwenzangu tunayekaa naye kibandani huziandika kubwakubwa kwenye karatasi na kunisogezea, nami nasoma huku nikiendelea na sentensi. Bila yeye, nikiishikilia ile bilioni kichwani, kitenzi kinachofuata kinanipita.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoongea na simu wakiendesha gari kwa hoja kwamba mikono yao iko huru. David Strayer na William Johnston walilipima jambo hili mwaka 2001 kwa kazi ya maabara iliyoiga uendeshaji. Waliokuwa kwenye mazungumzo ya simu waliikosa ishara ya kusimama mara mbili zaidi, wawe wameshika simu mkononi au la. Kusikiliza redio hakukuwaletea hasara hiyo. Mazungumzo ndiyo yaliyoichukua akili, kwa hiyo tafadhali, egesha gari kwanza.

Kuhusu uchovu, msiungoje ufike. Norman Mackworth alichapisha mwaka 1948 utafiti uliotokana na tatizo la waangalizi wa rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: watu waliutazama mshale ukizunguka kama wa saa, wakisubiri mruko wa nadra. Uwezo wao wa kuuona ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Nasi kibandani hupokezana baada ya takriban nusu saa, hata kama anayesema anajihisi bado ana nguvu, kwa kuwa umakini hushuka kabla mwenyewe hajajua. Unaposoma, simama mapema, tembea, kunywa maji. Simu iache. Ukiifungua utakuwa umeupa ubongo kazi nyingine ya kuchagua, na hapo hujapumzika.

Na wewe unayeandaa mikutano, nakuomba kwa dhati: tuma hotuba na majina ya washiriki kwa wakalimani angalau siku moja kabla, hata kama hotuba ni rasimu. Mruhusu mzungumzaji aibadilishe atakavyo jukwaani, tutamfuata. Ila mwambie asome tarakimu polepole.