Utumbo wa mzee hauna baruti ya Kagera

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ni askari mstaafu, alipigana Vita vya Kagera 1978–79. Ana sukari kwa miaka mingi na anatumia metformini. Siku hizi tumbo linajaa gesi, anaharisha mara kwa mara, na miguu inakufa ganzi. Muuzaji wa dawa za asili anasema sumu ya baruti imeganda utumboni, hivyo anywe chai ya kusafisha tumbo siku 21 na aache vidonge. Nami nimesoma kwamba askari wa Marekani waliopigana Ghuba wamekutwa na bakteria wa tumboni walioharibika. Ni kweli? – Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chai hiyo asiinywe, na kidonge cha sukari asikiache hata siku moja kwa maneno ya muuzaji.

Hili la kusafisha tumbo nalikuta kliniki kila mara, na linaniudhi kwa sababu limejengwa juu ya uongo mmoja tu: kwamba utumboni kuna uchafu uliogandamana miaka na miaka. Haupo. Utando wa ndani wa utumbo hujivua na kuota upya kila baada ya siku chache. Hiyo baruti ya 1979 ingegandia wapi? Ule ute mweusi anaoambiwa mgonjwa autazame chooni, eti ndiyo sumu inatoka, ni maji, ute wa kawaida wa utumbo, rangi ya majani aliyokunywa, na bakteria kwa wingi. Sehemu kubwa ya kinyesi kikavu ni bakteria wenyewe.

Chai nyingi za aina hii zina sanamaki. Sanamaki ikifika utumbo mpana, bakteria wa humo ndio wanaoivunja mpaka igeuke dawa ya kuharisha. Kwa hiyo muuzaji anawategemea bakteria wa utumbo uleule anaoutangaza kuwa umejaa sumu.

Kuhusu Wamarekani, uliyosoma yana msingi. Karibu askari 700,000 wa Marekani walipelekwa Ghuba ya Uajemi mwaka 1990–91 kupigana na Iraq, na kati ya robo na theluthi yao wakabaki na uchovu usioisha, maumivu, usahaulifu na matatizo ya tumbo. Watafiti wanauhusisha ugonjwa huo na viuatilifu, vidonge vya piridostigmini walivyomeza kujikinga na gesi za kivita, na sarini, gesi ya sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Bakteria wao wa tumboni wamechunguzwa, na tofauti zimeonekana. Lakini hiyo ni vita nyingine na sumu nyingine. Usimvike mzee wako ugonjwa wa Ghuba.

Bakteria wa utumbo mpana hula makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Wakizichachusha hutoa asidi ya butiriki, chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo, nayo hutuliza ule uvimbe wa ndani kwa ndani, yaani kinga ya mwili kuwaka bila kupoa (si uvimbe wa kushikika), unaochochea sukari na maradhi ya moyo. Huna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro kwa wanaume 77 wenye afya. Wa kijijini waliohamishiwa soseji, mkate mweupe na chipsi, katika wiki mbili tu damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe. Wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili, dalili hizo zikapungua.

Bakteria, basi, wanahitaji kulishwa. Mzee ale kunde, choroko, mbaazi, kisamvu, matembele, ugali wa dona kwa kiasi, na maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari kama yanamkubali. Apunguze mkate mweupe, maandazi na soda. Aongeze kidogokidogo, maana akiparamia bakuli la kunde siku ya kwanza gesi itazidi. Zilowekeni usiku kucha na maji yake myamwage. Kama figo zake zimeshaguswa na sukari, muoneni kwanza mtaalamu wa lishe.

Sasa dalili zake. Gesi na kuharisha huweza kuletwa na metformini yenyewe. Mara nyingi tumbo huizoea akiimeza pamoja na chakula, na ipo aina inayoyeyuka polepole ambayo daktari anaweza kumbadilishia. Na ganzi ya miguu? Huletwa na sukari, lakini metformini ya miaka mingi pia hushusha vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi vilevile. Ombeni kipimo cha B12. Nasikitika ninapoona mtu amekaa na tatizo linalotibika, huku familia ikimalizia pensheni kwenye pakiti za majani.

Na si majani tu. Wapo wanaomeza Flagyl, dawa ya kuua bakteria, kila tumbo likinguruma, wanainunua dukani bila cheti, na kila mara wanaua bakteria wazuri pamoja na wabaya. Mzee akitoa damu chooni, akikonda bila sababu au akiamshwa usiku na kuharisha, huyo ni wa kupimwa hospitali.

Wenye wazazi wanaotumia dawa za sukari na presha, sikieni. Kuharishwa siku nyingi humaliza maji na potasiamu mwilini. Kwa anayetumia kidonge cha presha cha kukojoza, upungufu huo huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Figo zikikosa maji, metformini hulimbikizana na damu inaweza kujaa asidi. Mkimwona mzee amekunywa chai hizi akaanza kulegea, kuchanganyikiwa au kuhema harakaharaka, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo, na pakiti ya chai mwende nayo daktari aone kilichomo.