Kuacha kutetemeka hakukuwa nafuu

Pole sana dada. Umeuliza kama wenzake walikosea kumsugua na kumpa pombe kali mdogo wako, mpagazi aliyefika Kibo, mlimani Kilimanjaro, ameloa chapachapa, akaacha kutetemeka na kuanza kuropoka. Ndiyo, ingawa walimtakia mema. Hapo mwili ulikuwa umeshindwa kujipasha joto, na pombe huzidi kulipoteza.

Siku nyingine wamvue nguo mbichi, wamfunike mpaka kichwa, uso ubaki wazi, na chini watandike godoro. Wamlaze taratibu sana, maana moyo uliopoa hivyo unaweza kusimama hata kwa mtikisiko mdogo tu. Chai ya sukari apewe akiwa na fahamu zake. Waite waokoaji papo hapo, wasimkatie tamaa: mwaka 1999 nchini Norway, daktari Anna Bågenholm mwili wake ulipoa hadi nyuzi joto 13.7, akapona.