Ukitundika daluga, usimfundishe mchezaji uliyekuwa wewe

Wachezaji wanaokaribia kutundika daluga huniuliza: "Kaka, nataka kuwa kocha, nianzie wapi?" Huwa namtaja Valeriy Lobanovskyi, kocha wa zamani wa Dynamo Kyiv ya Ukraine. Wananuna, maana walitegemea Guardiola.

Lobanovskyi alikuwa winga wa kushoto wa Dynamo Kyiv, bingwa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1961. Fundi wa chenga, na kona zake zilipinda hadi nyingine zikaingia wavuni moja kwa moja. Mwaka 1964 akaja kocha Viktor Maslov, aliyetaka watu wa kukaba uwanja mzima na asiyekuwa na haja na winga wa kusubiri mpira pembeni. Hawakuelewana. Lobanovskyi akaenda Odesa, kisha Donetsk, na mwaka 1968 akaacha kucheza akiwa na miaka 29 tu.

Cha ajabu, alipokuwa kocha timu zake zilikaba kwa presha, kila mtu anakimbia, hakuna staa wa kusimama mikono kiunoni. Yaani mpira ule ule uliomtoa yeye kikosini!

Mimi nafundisha vijana, na naona wachezaji wa zamani wakishika filimbi wanamaliza nusu ya mazoezi wakionyesha chenga zao. Watoto wanashangilia kweli. Jumamosi wanafungwa.

Pia usisubiri timu kubwa. Lobanovskyi alianza na klabu ya Dnipro mwaka 1969, ikiwa daraja la chini. Mwaka 1971 ikapanda, 1972 ikamaliza ya sita Ligi Kuu. Huko Dnipropetrovsk, mji wa klabu hiyo, ndiko alikompata Anatoliy Zelentsov, mwanasayansi aliyempimia uzito wa mazoezi na kuuchambua mchezo kwa takwimu. Ningekuwa na nafasi ya kusisitiza jambo moja tu, ni hili: tafuta mtu anayejua usichokijua. Mimi ninaye mwalimu wa hesabu, anakaa pembeni na daftari akihesabu nani amepoteza mpira na wapi. Daftari hilo limewahi kumpa namba beki ambaye hakuna shabiki aliyejua jina lake.

Aliporudi Kyiv, akishirikiana na Oleh Bazylevych aliyecheza naye zamani, mwaka 1974 walibeba ligi na kombe. Mwaka 1975, mjini Basel, wakaifunga Ferencváros ya Hungary 3-0 na kuchukua Kombe la Washindi la Ulaya. Hakuna klabu ya Kisovieti iliyokuwa imewahi kubeba kombe la Ulaya kabla yao.

Ila usimwige yote. Mwaka 1976 wachezaji waliasi, wamechoshwa na mazoezi mazito. Bazylevych akaondoka, Lobanovskyi akabaki. Ndiyo maana mimi kabla ya kuongeza mbio namwita nahodha kwanza, na nahodha wangu nimemchagua kwa sababu ni mbishi.