Figo mpya, wasiwasi uleule

Figo zangu ziliposhindwa kazi, nikawa nasafishwa damu kwa mashine, maji nilikunywa kwa kupima. Nusu lita kwa siku, chai na mchuzi humohumo, maana mkojo ulikuwa umekatika. Fikiria joto la Februari Dar, nanyonya kipande cha barafu huku wenzangu wakigugumia maji ya baridi. Mashine ilikuwa mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Hiyo niliizoea. Kilichonimaliza ni kusubiri majibu ya vipimo vya ndugu zangu, nani anaweza kunipa figo.

Kaka alijitolea kwanza, akakutwa na presha, akaondolewa. Tukaanza upya na dada. Afadhali sisi: kabla ya Muhimbili kuanza kupandikiza figo Novemba 2017, wagonjwa walipelekwa India. Lakini figo ya kwetu hutoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo unayemngojea unakula naye ugali kila siku. Usimsukume, ila pia usijifanye humhitaji. Mimi nilijifanya, hadi dada akanifokea: "Sema unaitaka au huitaki, nijue moja!" Tulilala vizuri usiku ule, wote wawili.

Baada ya upasuaji nesi aliniwekea chupa ya maji. "Kunywa, yote." Mkono ukagoma. Nilikunywa funda moja, nikamtazama kama mtoto aliyeiba sukari.

Nilidhani nimevuka. Kumbe sasa ni dawa za kutuliza kinga ya mwili isiikatae figo, kila baada ya saa 12, kwa muda wote figo itakaokuwa inafanya kazi, na kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huichuja, ikipanda kidogo tu usingizi unaruka. Siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu, dozi ya asubuhi husubiri mpaka damu itolewe. Mimi niliimeza nyumbani kwa mazoea. Majibu yakaja juu, nusura nipunguziwe dozi bure, na wiki nzima nyumba haikukalika. Siku hizi, asubuhi ya kliniki, vidonge nafunga kwenye leso, natia mfukoni, na chupa ya dawa naifungia kabatini. Balungi nimeliaga, maana linapandisha dawa yangu kwenye damu. Mitishamba ya shangazi naipokea kwa mikono miwili, namshukuru, halafu siinywi.

Figo itadumu miaka mingapi? Daktari hakunipa namba, nami nimeacha kumbana. Nahesabu kliniki hadi kliniki. Katikati hapo nafanya kazi, nagombana na wanangu, nalipa ada. Homa ikipanda sisubiri kesho, naenda hospitali usiku huohuo, hata kama nitaonekana muoga.

Watu huniuliza, "Umeshapona?" Najibu, "Naendelea vizuri," yanaishia hapo. Dada hawamuulizi kitu, na yeye amebaki na figo moja, anapima kila mwaka, na usiku wa kuamkia majibu huwa hasemi sana. Basi siku hiyo namsindikiza mimi. Tukitoka tunapitia mihogo ya kukaanga, yake na pilipili nyingi, yangu bila chumvi.